Alama za Bunduki Kuukuu: Namna ya Kuisoma Historia ya West Nile

Historia haihifadhiwi vitabuni peke yake. Imo katika sarafu, katika mawe ya makaburi, katika vigae vya vyungu, na hata katika silaha. Leo nakualika tusome maandishi mafupi ambayo wengi huyapita bila kuyatazama: alama zilizopigwa kwenye chuma cha bunduki ya kivita. Ni herufi na tarakimu chache tu, lakini zinahusu swali linalomgusa kila raia: silaha hii ni ya nani, na ni nani atakayeulizwa ikitumiwa vibaya?

Tuanze na msamiati. Maneno bunduki, askari na risasi yote yametujia kutoka Kiarabu. Risasi kwa asili ni jina la madini ya kutengenezea kile kinachorushwa na bunduki. Mbao inayoegemezwa begani huitwa kitako. Bomba la chuma ambamo risasi hupita ni mtutu. Kipande cha chuma kinachosukumwa mbele ili kuifungia risasi ndani ya mtutu tutakiita komeo, kwa kuwa kinafanya kazi ya komeo la mlango.

Sasa tuitazame bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield, ambayo askari wa Afrika Mashariki waliibeba kwa miongo mingi. Katika ile fupi iliyokubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1907, alama kuu hupatikana upande wa kulia, kwenye shingo ya chuma pale kitako kinapoungana na mtambo. Juu kabisa pana taji. Chini ya taji pana herufi mbili: ER kama ilitengenezwa katika enzi ya Mfalme Edward wa Saba, au GR kama ni katika enzi ya Mfalme George. Herufi R ni ya neno la Kilatini Rex, yaani mfalme. Kisha linafuata jina la kiwanda: Enfield, au B.S.A. Co. cha Birmingham, au Ishapore nchini India. Baada yake huja mwaka, na mwisho tarakimu ya Kirumi ya toleo. Ukiona nyota kando ya III, jua kwamba hilo ni toleo lililorahisishwa mwaka 1916, wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipohitaji bunduki nyingi kwa haraka.

Ipo pia alama ndogo ya mshale. Mshale mmoja maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha maana yake ni kwamba serikali imeiuza silaha hiyo na haimo tena katika hesabu zake. Tena nambari ya bunduki hurudiwa kwenye mtambo, kwenye mtutu na kwenye komeo. Nambari hizo zikitofautiana, fahamu kwamba sehemu fulani imebadilishwa njiani.

Ukishajua kusoma hivyo, utaona kwamba ardhi yetu ya West Nile, kuanzia Kuluva na Arua hadi Koboko kwenye mpaka wa nchi tatu, imepitiwa na alama za dola zaidi ya moja. Katika miaka ya 1880 Emin Pasha alikuwa na kituo chake Wadelai, kwenye ukingo wa Mto Nile, akiiwakilisha serikali ya Misri. Askari wake walikuwa na bunduki za Remington, zilizotengenezwa Marekani kwa ajili ya Misri. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wa askari hao waliobaki karibu na Ziwa Albert, akawaingiza katika utumishi wa Waingereza. Wazao wao ndio miongoni mwa Wanubi tunaowafahamu leo.

Baadaye eneo la Lado likawa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na askari wake wakaja na bunduki za Albini. Leopold alifariki mwaka 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likakabidhiwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaingizwa Uganda, na mji wa Arua ukaanzishwa kuwa makao ya utawala. Hivyo, kwa muda usiozidi miaka thelathini, mkazi mmoja wa hapa angeweza kuona silaha za Misri, za Ubelgiji na za Uingereza, bila yeye kuhama kijiji chake.

Jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, lilichukua vijana wengi kutoka kwetu. Katika kambi zake askari wa makabila mbalimbali walielewana kwa Kiswahili. Ndiyo sababu wengi nchini Uganda walikihesabu Kiswahili kuwa lugha ya bunduki. Lakini lugha haina kiwanda wala mshale wa serikali. Lugha iliyotumiwa kutoa amri ndiyo hii hii tunayoitumia leo kuuliza maswali.

Na maswali yapo. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, wanajeshi wengi walikimbilia Sudan na Zaire wakiwa na silaha zao. Nambari zilibaki kwenye chuma, lakini hapakuwa tena na mtunza ghala wa kuzikagua. Vita vikarudi West Nile mwaka 1980, na maelfu ya wazee wetu wakawa wakimbizi. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa kwa risasi na wanajeshi wa serikali. Tafakari jambo hili: bunduki za serikali nazo zina alama, na alama hizo hazikuwaokoa watu wa Ombaci. Alama bila daftari ni mkwaruzo tu kwenye chuma, na daftari bila mtu wa kuuliza ni karatasi tu.

Kwa hiyo kazi ya kutia alama imeanza upya katika zama zetu. Tarehe 24 Desemba 2002, serikali na kundi la UNRF II walitia saini mapatano ya amani mjini Yumbe. Tarehe 21 Aprili 2004, nchi za eneo letu, Uganda ikiwa mojawapo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi, inayotaka kila silaha ndogo itiwe alama na kuandikwa katika kumbukumbu. Ndiyo maana leo bunduki ya polisi wa Uganda huwa na herufi UG POL pamoja na nambari yake. Bunduki hiyo ikipatikana mikononi mwa mwizi, herufi hizo zinaonyesha mahali pa kuanzia uchunguzi.

Mwanafunzi mpendwa, ukikuta silaha kuukuu shambani au kwenye paa la nyumba ya zamani, usiiguse hata kama imeota kutu. Huenda bado ina risasi ndani. Mwarifu mwenyekiti wa LC1 au kituo cha polisi kilicho karibu. Kamwe usikwangue wala kusugua nambari zake ili zing'ae, kwa maana anayefuta nambari anafuta ushahidi. Na siku utakaposoma gazetini kwamba silaha fulani imekamatwa, usiishie kwenye idadi ya risasi. Uliza nambari yake ni ipi, iliandikwa katika daftari la nani, na nani aliyekuwa ameikabidhiwa.