Chauncy Maples na Kimakua cha Masasi

Wengi hudhani kuwa ajifunzaye lugha ya kigeni peke yake hushindwa na ugumu wa lugha hiyo. Habari za Masasi, katika nchi iliyo nyuma ya pwani ya Mikindani na Mtwara, zaonyesha adui mwingine aliye hatari zaidi, nayo ni lugha nyepesi inayotosha.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoka Unguja, akapitia Lindi, akiongoza watu waliokombolewa utumwani ili kuwarudisha katika nchi ya Wayao. Safari ikakomea Masasi. Mwaka uliofuata akafika Chauncy Maples, kijana wa miaka 25 aliyetoka Oxford. Kiswahili alikwisha kukianza Unguja, na kitabu cha Steere cha mwaka 1870 kilikuwapo cha kumwongoza. Nao waliokombolewa, wenye asili mbalimbali, walielewana kwa Kiswahili katika sala na shuleni. Kazi ya kila siku, basi, haikumlazimisha kujua lugha nyingine yoyote.

Lakini Wamakua walikuwa majirani zake, na Kiswahili hakikuingia nyumbani mwao. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake: kuuliza, kuandika, kukosea, kuuliza tena.

Kimakua humdanganya mwenye Kiswahili kwa kufanana nacho. Kusini mwa Ruvuma mtu ni *mutthu*, na nyumba ni *enupa*: m ya katikati imepotea, b imegeuka p. Aidha, sauti yenye pumzi na isiyo na pumzi hutenga neno na neno. (Kimvita nacho kina tofauti hiyo, ila maandishi yetu huificha.) Mwanafunzi akisema kwa sikio la Kiswahili, huenda akafahamika nusu, na kufahamika nusu ndiko kunakowalaza wengi, kwa kuwa huleta raha ya kufika kabla ya kufika.

Maples hakulala. Mwaka 1879 kitabu chake cha Kimakua kilichapishwa, nacho hakukiita sarufi bali makusanyo tu, kama Steere alivyoviita vya Kiyao mwaka 1871 na vya Kimakonde mwaka 1876. Jina hilo si unyenyekevu mtupu. Lilimruhusu mtu kutoa alichonacho bila kungoja ukamilifu, na kesho yake arudi kwa jirani na swali jipya. Mwaka 1881 alivuka Ruvuma akasafiri katika nchi ya Wamakua wenyewe, ambako Kiswahili cha misheni hakikuwa na kazi kubwa.

Septemba 1882 Wamagwangwara waliishambulia Masasi, wakaiteketeza, wakachukua mateka. Kituo kikahamia Newala. Huko nyuma ya moto huo Maples aliendelea kukusanya, safari hii Kiyao, na msamiati wake ukatoka mwaka 1888. Alizama Ziwa Nyasa mwaka 1895. Jina lake limo katika vitabu vyote viwili. Majina ya Wamakua na Wayao waliomjibu hayakuwekwa juu ya jalada.