Mwana Kupona katika Madarasa ya Ufeministi

Mwaka 1934, Alice Werner na William Hichens walipouchapisha Uingereza utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu pamoja na tafsiri yake, waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo halikutoka kwa mtungaji. Katika beti zake 102, alizozitunga mwaka 1858, yeye anausia: ni mama aliyeshikwa na maradhi mwaka mzima, anamwita bintiye asogee. Jina la wachapishaji liliganda hata hivyo, na wasomi wengi waliokuwa mbali na Pate na Lamu wakauingia utenzi huu kwa mlango huo mmoja.

Masomo ya wanawake yalipata nafasi yake rasmi chuoni San Diego, Marekani, mwaka 1970, na baada ya hapo yakaenea haraka. Dar es Salaam haikuchelewa. Marjorie Mbilinyi alichapisha mwaka 1972 makala juu ya “mwanamke mpya” na mila katika Tanzania, na muongo mmoja baadaye Penina Muhando akatoa tamthilia ya Nguzo Mama, ambamo wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo isiyokubali kusimama. Kwa msomi aliyelelewa na maswali ya namna hiyo, utenzi wa Siyu ulikuwa kama ushahidi uliokwisha kuandaliwa. Mke ampepee mume, amkande, ajitie manukato, atafute radhi yake ili aipate Pepo. Hukumu ilikuwa nyepesi mno kutolewa, na wepesi huo ndio uliopaswa kuwatia shaka waliokuwa wakiitoa.

Mwaka 1991 Ann Biersteker aliurudia utenzi huu, akiutazama kwa upande wa lugha, ushairi na mamlaka. Tangu hapo swali la darasani likabadilika: si anafundisha nini tu, bali nani anasema, na kwa nguvu gani. Anayesema ni mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka 1856, ambaye mji wake uliwahi kuyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said. Agizo lake la mwanzo kwa binti halimhusu mume hata kidogo. Anamtaka akae kitako, alete wino na karatasi, aandike. Anapozitaja radhi tano za kutafutwa, anaanza na Mungu na Mtume, kisha baba na mama. Mume anakuja wa tano. Na mume huyo huyo anaposhuka kwenye beti zilizowakera wahakiki, analinganishwa na mtoto asiyejua kusema, ambaye mahitaji yake hujulikana na anayemlea. Mwenye kusoma tendi kwa sauti, kama zilivyokusudiwa kusomwa, hawezi kuupita mfano huo bila kutabasamu.

Je, ni kejeli? Wapo wanaopenda iwe hivyo, kwa kuwa kejeli humfanya Mwana Kupona awe mwenzao. Lakini sehemu kubwa ya mwisho wa utenzi ni dua: anawaombea wanawe, jamaa zake na Waislamu, na mwenye kuomba hivyo hachezi. Aliamini aliyoyausia. Kumwondolea imani yake ili apendeze chuoni ni kumdhulumu kwa namna nyingine, hata kama dhuluma hiyo ina adabu kuliko ile ya kwanza.

Kuna ubeti uliopata kusomwa kwa haraka na makundi yote mawili. Mama anamkataza binti kuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi. Hapo sauti si ya mwanamke kwa wanawake. Ni ya mwungwana kwa mwungwana. Mikono iliyoteka maji na kutwanga katika nyumba ile haikuusiwa kitu. Pengo hilo liliangaziwa zaidi na wanahistoria kuliko wahakiki wa fasihi. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, aliwaweka wangwana na watumwa katika historia moja, ngoma zao na vyama vyao vikiwa humo. Baadaye yeye na Sarah Mirza wakayakusanya masimulizi ya wanawake watatu wa mji huo, yakatoka pia kwa Kiswahili mwaka 1991, wenye maneno yao waweze kuyasoma. Ni nadra kwa kazi ya chuo kikuu kurudi ilikotoka.

Mwaka 2007 Mwana Kupona aliingia katika juzuu ya Afrika ya Mashariki ya mkusanyo mkubwa wa maandishi ya wanawake wa bara hili, iliyohaririwa na Amandina Lihamba, Saïda Yahya-Othman na wenzao. Humo hakupewa jina la wajibu wa mke. Yumo kama mama, kwa wasia na dua yake. Mwenyewe, karibu na tamati, alikuwa amewaita wanawake wote wausome utenzi wake na kuuelewa.

Mwana Hashima, binti aliyeambiwa alete wino na karatasi, alikuwa na umri wa miaka kama 17 siku hizo. Aliishi hadi mwaka 1933. Kitabu chenye lile jina la Kiingereza kilitoka mwaka uliofuata.