Mbinuko wa Milimita Moja

Mwaka 1826 mafundi wa fidla wa Markneukirchen, mji mdogo wa Saxony nchini Ujerumani, waliamua kuwakomesha maseremala. Walitaka wakubwa wa mji wapige marufuku watu wa makabati kutengeneza magitaa, kwa madai kwamba ala za muziki ni kazi ya chama chao peke yao. Maseremala, wakiwamo watu wa familia ya Martin, waligoma. Baada ya mabishano ya miaka wakashinda, lakini Christian Frederick Martin alikuwa ameshachoshwa na vyama vya mafundi na masharti yake. Mwaka 1833 alihamia New York, na mwaka 1839 akafungua karakana Nazareth, Pennsylvania, ambako kampuni yenye jina lake ingali inatengeneza magitaa hadi leo.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa riziki, na ndivyo kilivyokuwa. Hata hivyo, nyuma yake kulikuwa na aina mbili za mikono. Fundi wa fidla alichonga mipindo kutwa kucha: mgongo wa fidla umevimba, tumbo limevimba, na ubao ulio chini ya nyuzi umebinuka sana, maana bila mbinuko huo upinde hauwezi kugusa uzi mmoja bila kukwaruza wa jirani. Gitaa halina upinde. Kidole huchagua uzi wake chenyewe, kwa hiyo seremala hakuwa na sababu ya kuhangaika. Alipiga randa ubao wa freti ukawa tambarare, akaugundisha kwenye shingo, akaendelea na kazi nyingine.

Antonio de Torres, fundi wa Almería, Hispania, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892, ndiye aliyelipa gitaa la klasiki umbo linalofuatwa mpaka sasa. Urefu wa nyuzi zake, milimita 650, umekuwa kipimo cha dunia nzima. Ubao wa freti aliuacha tambarare. Anayenunua gitaa la klasiki leo, awe Madrid au Mombasa, bado hukutana na ubao wa namna hiyo.

Mbinuko uliingia kwenye gitaa ukitokea upande ule ule ulioshindwa kwenye kesi. Huko Kalamazoo, Michigan, Orville Gibson alianza mwishoni mwa karne ya 19 kuchonga mandolini na magitaa kwa mtindo wa fidla, uso wa mbele ukiwa umechongwa na kuinuka badala ya kuwa ubao bapa. Hataza yake ilitolewa mwaka 1898, na kampuni iliyobeba jina lake ikaanzishwa mwaka 1902. Mwaka 1922, enzi za mhandisi wake Lloyd Loar, kampuni hiyo ilitoa gitaa la L-5, lenye matundu mawili ya umbo la herufi f kama ya fidla. Ubao wa freti nao ukapata mgongo. Kipimo kilichokuja kujulikana kuwa cha Gibson ni inchi 12: yaani, ukiuendeleza mbinuko wa ubao mpaka duara litimie, nusu kipenyo cha duara hilo ni inchi 12.

Nyuzi nazo zilikuwa zinabadilika. Katika miaka ya 1920 nyuzi za chuma zilizipokonya nafasi zile za utumbo wa mnyama, na nyuzi za chuma ni ngumu. Kidole cha shahada kinapolazwa kukandamiza nyuzi zote sita kwa mara moja, hakinyooki kama rula. Ubao ulioinuka kidogo katikati hukisaidia. Hapo mbinuko ulipata sababu ya kiungo cha mwili, ingawa mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini sababu moja ilizaa vipimo vingi hivyo.

Huko Nazareth, freti zenyewe zilikuwa kikwazo. Kwa muda mrefu kampuni ya Martin ilitumia freti za bapa, vipande vya chuma vilivyosimamishwa wima ndani ya mfereji wa msumeno. Kipande kilichosimama hivyo hakipindiki kirahisi kufuata tao. Mwaka 1934 ikahamia kwenye freti zenye kichwa cha mviringo na mguu mwembamba, ambazo hupindwa kabla ya kugongewa. Leo kipimo kinachohusishwa zaidi na magitaa ya Martin ni inchi 16, mbinuko mdogo kiasi kwamba mtu asiyezoea huudhani ubao tambarare.

Inafaa kuziona namba hizi kwa macho. Kwenye upande wa kichwa, shingo ya gitaa la umeme huwa na upana wa karibu milimita 43. Kwa mbinuko wa inchi 16, kingo za ubao ziko chini ya katikati kwa milimita 0.57 tu. Kwa inchi 12, tofauti ni milimita 0.76. Kwa inchi 7.25, kipimo cha kale cha kampuni ya Fender, ni milimita 1.26. Ugomvi wote wa wapiga gitaa kuhusu shingo ipi ni tamu na ipi ni mbaya umo ndani ya milimita moja na ushei.

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na gitaa aliliangalia kama kifaa cha kuundwa haraka na kutengenezeka kirahisi. Kwenye gitaa lililotoka mwaka 1950, ambalo baadaye liliitwa Telecaster, shingo ilikuwa kipande kimoja cha mepo kilichofungwa mwilini kwa skurubu. Ubao wa freti haukuwapo kabisa: mbinuko ulikatwa kwenye shingo yenyewe na freti zikaingizwa humo. Stratocaster ya mwaka 1954 ilifuata njia hiyo hiyo. Duara la inchi 7.25 lina upana wa sentimita 37 hivi, ukubwa wa sufuria ya ubwabwa wa familia, na shingo za Fender za miaka hiyo zilikuwa kama zimekatwa ukingoni mwa sufuria hiyo.

Mwaka 1958 kiwanda cha Fender kilianza kuweka ubao wa rosiwudi juu ya shingo ya mepo, kwanza kwenye gitaa la Jazzmaster. Ubao huo ulikuwa mnene na tambarare upande wa chini. Miaka minne baadaye, mwaka 1962, ukafanywa mwembamba, na upande wake wa chini nao ukapewa tao ili ukae juu ya shingo iliyokwisha kubinuliwa. Mwenye macho hutazama mwisho wa shingo, aone kama mstari wa gundi umenyooka au umepinda, kisha ajue gitaa ni la kabla au la baada ya mabadiliko hayo. Wakusanyaji wa magitaa ya zamani hulipa fedha nyingi kwa ajili ya mstari huo.

Kisha wapigaji wakageuka. Wapiga blues walikuwa wakivuta nyuzi kwa kidole, kuzisukuma upande hadi sauti ipande, na katika miaka ya 1960 mtindo huo ukaenea kwa vijana wa rock. Nyuzi nyembamba ziliwarahisishia. Ernie Ball wa California alianza kuuza seti zake za nyuzi laini mapema katika muongo huo, na wengine wakafuata. Hapo inchi 7.25 ikageuka adha. Uzi wa kwanza ukivutwa kuelekea katikati ya ubao, unapanda mlima. Freti zilizo mbele yake ziko juu kuliko mahali ulipotoka, nao unagusa mojawapo na sauti inakatika. Dawa ni ama kuinua nyuzi zote, jambo linaloumiza vidole, ama kuupunguza mlima wenyewe.

Fender waliupunguza. Gitaa lao la American Standard la mwaka 1987 lilitoka na inchi 9.5. Huko Kusini mwa California, karakana ya Grover Jackson, aliyeinunua kampuni ya Charvel mwaka 1978, ilijulikana kwa jibu jingine: ubao wenye vipimo viwili, inchi 12 karibu na kichwa na inchi 16 karibu na mwili. Mkono unapobana nyuzi nyingi karibu na kichwa hupata mgongo, na unaposhuka kuvuta uzi mmoja mmoja hupata ubao ulio karibu na tambarare. Kwa jiometri, kipande cha namna hiyo kimetoka kwenye umbo la pia. Nyuzi zenyewe huachana kadiri zinavyokwenda kwenye daraja, kwa hiyo umbo la pia huzifuata vizuri kuliko mcheduara. Ajabu kwamba wazo hili halikuwa kanuni ya viwanda vyote tangu mwanzo. Pengine ni kwa sababu mcheduara ni rahisi zaidi kukata.

Na kukata ndiko kulikoamua mambo mengi. Kiwanda kikishatengeneza mashine inayotoa tao fulani, tao hilo ndilo linalobaki, wapigaji watake wasitake. Fundi wa peke yake hakuwa na mashine hiyo. Alikuwa na randa, kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa tao, msasa uliofungwa kwenye gogo lenye mfinyo, na subira. Katika miaka ya 1960 na 1970 mafundi wa namna hiyo waliongezeka sana Marekani. Kitabu cha Irving Sloane kuhusu kuunda gitaa la klasiki kilitoka mwaka 1966. Duka la Stewart-MacDonald lilianza Athens, Ohio, mwaka 1968 likiuza vifaa vya banjo, kisha likawa mahali pa kuagizia kila kitu kuanzia freti hadi magogo ya msasa yenye tao la inchi unazotaka. Chama cha mafundi wa ala za nyuzi, Guild of American Luthiers, kiliundwa mwaka 1972 huko Tacoma, Washington. Tofauti na kile chama cha Markneukirchen, hiki kiliwekwa ili siri za kazi zitoke nje.

Rauta ilikuwa tayari kwenye karakana hizo. Mashine hiyo ya umeme ya mkononi, yenye biti inayozunguka kwa kasi, ilikuwa ikiuzwa na kampuni ya Stanley tangu iliponunua biashara ya R. L. Carter wa Jimbo la New York mwaka 1929. Kazi yake ilikuwa kuchimba mifereji na kulainisha kingo za mbao. Mafundi wa gitaa waliigeuza iwe mashine ya kukata tao kwa kuijengea reli.

Muundo ni wa kawaida sana. Vibao viwili vya ubao wa tabaka hukatwa tao moja, tuseme la inchi 12 kwa kujumlisha umbali kati ya tao hilo na uso wa ubao wa freti, na kusimamishwa kimoja kila mwisho. Juu yake huwekwa kitanda kilichobeba rauta, biti ikiangalia chini. Ubao wa freti hubandikwa sakafuni mwa fremu kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, mstari wake wa kati ukilingana sawasawa na kilele cha tao. Fundi huisukuma rauta kwa urefu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha husogeza kitanda upande kwa milimita chache na kurudi tena. Kila safari huacha mfereji mwembamba. Baada ya safari kadhaa ubao unafanana na shamba la matuta, na msasa wa namba 80 kisha 120 huyaondoa matuta hayo. Wengine hugeuza mpango: rauta hutulia na ubao ndio unaobembea chini yake kama pendulamu. Kwa ubao wa pia, tao la reli moja hufanywa kubwa kuliko la nyingine.

Wanaoanza hushangaa kwamba mifereji ya freti hukatwa kabla ya tao. Sababu ni ya kiseremala: ubao ulio tambarare wenye kingo nyoofu hushikika vizuri kwenye pembe mraba, na freti iliyopinda hata kidogo haisameheki. Ubaya wake ni kwamba tao likishakatwa, mfereji unabaki na kina kikubwa katikati na kidogo pembeni, hivyo msumeno mdogo lazima urudi kumalizia. Biti butu ni adui mwingine. Huchoma mbao ngumu na kuacha weusi usiotoka kwa msasa, na kwenye ukingo wa ubao hung'oa nyuzinyuzi ambazo haziwezi kurudishwa.

Mbao zenyewe zina historia yake, na hapa Afrika Mashariki inaingia. Ubao wa freti unahitaji mti mgumu usiolika haraka chini ya chuma: ebani, rosiwudi au mpingo wa Tanzania na Msumbiji, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini na ambao ulimwengu unaujua zaidi kupitia klarineti na obo. Baadhi ya mafundi huuchagua kwa ubao wa freti. Mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia pamoja na rosiwudi, kwa hiyo ulipopitishwa uamuzi Johannesburg mwaka 2016 wa kudhibiti biashara ya jenasi nzima chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nao ukaingia. Kuanzia tarehe 2 Januari 2017, gitaa lenye ubao wa rosiwudi lilihitaji vibali kuuzwa nje ya nchi, hadi ala zilizokamilika zilipoondolewa katika sharti hilo mwishoni mwa mwaka 2019. Kampuni ya magitaa ya Taylor ya California, pamoja na Madinter ya Hispania, zilikuwa zimeshanunua kiwanda cha kupasua ebani huko Yaoundé, Kameruni, mwaka 2011.

Taylor hao hao walianza kutumia mashine zinazoongozwa na kompyuta mwaka 1990, na mashine ya aina hiyo hukata tao lolote, hata la pia, bila reli wala pendulamu. Fremu ya rauta ilipaswa kufa hapo. Haikufa, kwa sababu mashine ya kompyuta bado ni ghali kwa fundi anayeunda magitaa machache kwa mwaka, na kwa sababu nyingine ya kuchekesha kidogo. Tangu mwaka 1982 Fender wamekuwa wakirudia magitaa yao ya zamani kwa ajili ya wanaotaka ladha ile ile ya miaka ya 1950, pamoja na mlima wake. Fundi wa leo anayeagizwa nakala ya Telecaster ya zamani hukata reli za inchi 7.25, na mteja akilalamika kwamba uzi unakatika anapouvuta, huambiwa ndivyo lilivyokuwa.