Kondakta, Manju au Mwalimu? Historia Fupi ya Viongozi wa Muziki katika Matamasha ya Kiangazi

Utangulizi

Mwanafunzi anayetafsiri habari za matamasha ya muziki ya Ulaya na Marekani hukwama mapema kwenye neno moja. Yule mtu anayesimama mbele ya wapiga violini na tarumbeta, kijiti mkononi, mgongo ameugeuzia hadhira, aitwe nani? Akiandika "kondakta", msomaji wa Kamembe au wa Mwanza atamwona mara moja mtu wa kudai nauli, amesimama mlangoni mwa basi. Akiandika "kiongozi wa okestra" ataeleweka, lakini atakuwa ametaja cheo bila kueleza kazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Waswahili walikwisha kulijibu swali hilo zamani. Katika makanisa na shule za Afrika Mashariki, mtu huyo anaitwa "mwalimu wa kwaya". Kinyarwanda nacho humwita umutoza, yaani anayefunza na kuzoesha. Jina hili halikuja kwa bahati. Limebeba historia ya namna viongozi hao walivyopatikana, kazi waliyoifanya, na hata malipo waliyoyapata au kuyakosa.

Kabla ya kijiti

Lugha yetu ilikuwa na wataalamu wa muziki kabla ya kwaya kufika. Manju ndiye aliyetunga na kuongoza nyimbo katika ngoma, na sogora alikuwa fundi wa kupiga ngoma zenyewe. Wote wawili walikuwa ndani ya mchezo; hawakusimama kando yake. Hali kadhalika katika taarabu ya Unguja, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, wapigaji huketi pamoja na kufuatana kwa kusikilizana.

Kwaya ya misheni ilileta utaratibu mwingine: sauti nne, wimbo ulioandikwa, na mtu mmoja wa kusimama mbele. Katika kijiji, aliyeweza kusoma maandishi hayo ya do, re, mi kwa kawaida alikuwa mwalimu wa shule. Siku za kazi alifundisha hesabu na kusoma, Jumapili aliongoza nyimbo. Basi cheo kipya kikachukua jina la kazi yake ya zamani.

Matamasha ya kiangazi ughaibuni

Kabla ya kurudi kwetu, tuangalie jinsi viongozi wa okestra walivyopanda ngazi katika matamasha mawili mashuhuri. La kwanza ni lile la London linalojulikana kama Proms. Lilianza tarehe 10 Agosti 1895 katika ukumbi wa Queen's Hall. Mwandalizi wake, Robert Newman, alimkabidhi okestra kijana wa miaka 26, Henry Wood. Wood aliliongoza tamasha hilo hadi mwaka wa kifo chake, 1944, karibu nusu karne. Nia ya waandalizi ilikuwa kuwazoesha watu wa kawaida, kwa kiingilio nafuu, muziki ambao hawakuwa wameuzoea.

La pili ni la Tanglewood, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Hapo Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, alianzisha shule ya kiangazi mwaka 1940. Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka huo wa kwanza alikuwamo Leonard Bernstein. Miaka 50 baadaye, tarehe 19 Agosti 1990, Bernstein aliongoza hapo hapo onyesho lake la mwisho; alifariki Oktoba mwaka huo huo. Mwaka 1960 Seiji Ozawa, kijana kutoka Japani, alishinda tuzo ya wanafunzi wa shule hiyo, na kuanzia 1973 hadi 2002 akawa mkurugenzi wa muziki wa okestra ya Boston.

Ni dhahiri basi kwamba hata huko tamasha lilikuwa darasa. Tofauti ni kwamba huko mwanafunzi alipofuzu alikuta mlango wa ajira: okestra yenye mishahara, rekodi na mikataba.

Tamasha la Agosti nchini Kenya

Katika ukanda wetu, kinachokaribia zaidi matamasha hayo ni Tamasha la Muziki la Kenya. Fainali zake za kitaifa hufanyika kwa kawaida mwezi Agosti, wakati ambapo hapa Rusizi nasi tumo katika kiangazi. Tamasha hilo lilianza mwaka 1927 likiwa jambo la walowezi wa Kizungu. Baadaye likawa la shule na vyuo vya nchi nzima. Wanafunzi hushindana kuanzia ngazi ya chini hadi taifa, wakiimba nyimbo zilizopangwa na waandalizi pamoja na nyimbo za makabila yao, mbele ya waamuzi wanaotoa alama na maelezo.

Jambo la kuzingatia ni nani anayesimama mbele ya kwaya hizo. Ni mwalimu wa shule. Huyu ndiye anayechagua sauti, kufundisha maneno, kutafuta sare na kusafiri na watoto. Kwaya ikishinda, jina linalotangazwa kwanza ni la shule. Hata hivyo, katika ukumbi ule ule mwalimu huonekana na walimu wenzake na waamuzi, na kwa njia hiyo wengi wamejijengea sifa.

Historia ya viongozi hao inatuhusu sana sisi watu wa Kiswahili. Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa muziki na tamthilia katika serikali ya kikoloni ya Kenya, ni yule yule aliyeandika tamthilia za Kiswahili Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilizochapishwa mwaka 1957. Wanafunzi wetu hukutana na jina lake katika historia ya tamthilia bila kujua kwamba alikuwa mtu wa kwaya. Arthur Kemoli naye alikuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na papo hapo akawa bingwa wa kupanga nyimbo za jadi ziimbwe kwa sauti nne. Kwa watu hawa, kufundisha lugha na kuongoza wimbo hazikuwa kazi mbili zilizotengana.

Kutoka Kamina hadi Nairobi

Mfano mwingine unaanzia ng'ambo ya mpaka wetu, huko Katanga. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya mjini Kamina katika miaka ya 1950. Ilikuwa na wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15. Kutokana na kazi yao ya pamoja ilizaliwa Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo. Mwaka 1958 kwaya hiyo ilizuru Ulaya na kuimba wakati wa Maonyesho ya Dunia mjini Brussels. Jina la Haazen likaenea pamoja na sahani za santuri. Majina ya wale walimu hayakwenda mbali hivyo, ingawa ndio waliokuwa wakiimba na kubuni sauti.

Miaka 32 baadaye misa hiyo ilipata sauti nyingine. Mwaka 1990 ilitolewa rekodi yake iliyoimbwa na Muungano National Choir ya Kenya chini ya uongozi wa Boniface Mganga. Safari hii jina la kiongozi Mwafrika liliandikwa juu ya jalada. Katika uchaguzi wa mwaka 2002 Mganga alichaguliwa kuwa mbunge wa Voi.

Njia hiyo ya kuelekea siasa haishangazi. Enzi ya Rais Moi, kuanzia 1978 hadi 2002, kwaya kubwa, nyingi zikiwa za walimu, ziliimba katika sherehe za taifa, na nyimbo nyingi zilikuwa za Kiswahili. Mwalimu aliyejua kupanga wimbo wa sifa alisikika hadi ikulu. Hatuna budi kukiri kwamba sanaa hiyo ilitumikia madaraka. Lakini ilikuwa pia moja ya njia chache ambazo kiongozi wa kwaya angeweza kusonga mbele.

Rubani aliyegeuka mwalimu

Huenda msomaji akauliza: je, hakuna waliopita njia nyingine? Wapo. Armand Diangienda wa Kinshasa, mjukuu wa Simon Kimbangu, alikuwa rubani wa ndege. Alipopoteza kazi hiyo, aliunda okestra ya Wakimbanguisti mwaka 1994. Wanamuziki wengi hawakuwa wamesoma muziki. Ala zilikuwa chache, wakapokezana violini, na nyuzi zilipokatika walitumia hata waya za breki za baiskeli. Mwaka 2010 filamu ya Wajerumani iliitangaza okestra hiyo duniani, na mwaka 2014 ikazuru Uingereza.

Mfano huu hauvunji hoja yetu, unaithibitisha. Rubani huyo alilazimika kwanza kujifunza mwenyewe, kisha kuwafundisha wengine, ndipo akapata okestra ya kuongoza.

Malipo ya mcheza kwao

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Tuupime usemi huo kwa nyimbo za taifa za majirani zetu. Muziki wa Mungu Ibariki Afrika ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni huko Afrika Kusini. Alifariki mwaka 1905, miongo kadhaa kabla ya wimbo wake kuwa wa mataifa. Wimbo wa Kenya, wenye muziki uliotokana na bembelezi ya Wapokomo, uliandaliwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano, akiwamo Hyslop tuliyemtaja na George Senoga-Zake, mwalimu wa muziki mzaliwa wa Uganda. Wimbo wa Uganda wa mwaka 1962 ulitungwa na George Kakoma, naye mtu wa elimu ya muziki. Kakoma alilipwa shilingi 2,000 tu, na katika uzee wake alikwenda mahakamani kudai haki yake. Alifariki mwaka 2012.

Kwa haki, si kila wimbo ulitoka darasani: muziki wa Rwanda Nziza, unaotumika tangu tarehe 1 Januari 2002, ulitungwa na mwanajeshi, Jean-Bosco Hashakaimana. Lakini kwa hao wengine swali linabaki: ikiwa mtu aliyelipa taifa zima sauti yake hakutunzwa, mwalimu wa kwaya ya kijijini atatunzwa na nani?

Hitimisho

Wilaya ya Rusizi ina sababu ya pekee ya kulichukua swali hili. Misheni ya Mibilizi ilianza mwaka 1903, na ile ya Wapentekoste wa Kiswidi huko Gihundwe mwaka 1940. Kwaya hapa si jambo la jana. Aidha, tunatazamana na Bukavu, mji wa Kiswahili, na nyimbo huvuka mto Rusizi bila kuulizwa pasipoti. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, nasi tunahangaika kutafuta vifaa vya kufundishia. Wimbo wa kwaya una matamshi, upatanisho wa kisarufi na msamiati ambao mwanafunzi haukariri kwa shuruti.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, katika tafsiri zetu neno "kondakta" liachiwe basi. Kwa okestra tuseme "mwongozaji", na kwa kwaya tusiogope kusema "mwalimu". Pili, wanafunzi wetu wanapokwenda likizo, kila mmoja amtafute mwalimu wa kwaya mwenye umri mkubwa katika eneo lake na, kwa idhini yake, aandike alikojifunza, nyimbo za Kiswahili alizofundisha na zilikotoka. Nyingi kati ya nyimbo hizo hazimo katika kitabu chochote. Zimo katika kichwa cha mtu mmoja, na akiondoka yeye, kwaya inayobaki hukumbuka sauti ya kwanza na kiitikio tu.