Tembo la Mnazi na Ushahidi wa Wazee

Pengine, msomaji, umesikia kwamba huko Ulaya baadhi ya divai nyeupe huwekwa katika mapipa ya mwaloni kwa miezi mingi ili zipate ladha. Pwani yetu ya Malindi na Kilifi ina kinywaji cheupe kisichojua pipa wala kungoja. Hicho ni tembo la mnazi.

Mgema hupanda mnazi wake asubuhi na jioni. Kwa kotama hukata ncha ya karara lisilofunguka bado, akafunga kibuyu, na utomvu hudondoka humo. Mwanzo huwa mtamu; lakini huanza kuchacha mara moja, kesho yake ni mkali, kisha hugeuka siki. Kwa hiyo tembo halikuwekwa akiba: lilinywewa upesi, tena pamoja na watu.

Basi zingatia jambo hili. Kwa desturi ya Wagiriama, mnazi uliweza kuuzwa au kuwekwa rehani mbali na ardhi uliposimama. Hati hazikuwako, mashahidi walikuwa wazee, na mwenye minazi alidumisha urafiki wao kwa kuwakaribisha tembo, hasa arusini na matangani. Mtaalamu David Parkin, aliyekaa nao Kaloleni katika miaka ya 1960, aliyaeleza hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1972.

Lakini karara lililogemwa halizai nazi. Mbata ilipoleta fedha, vijana wenye bidii walitaka nazi kuliko tembo, nao waliona ukarimu ule ni mzigo. Wengine waliugua, wakaambiwa na waganga kwamba pepo wao wanataka Uislamu, wakasilimu. Na kwa kuwa dini hiyo imekataza ulevi, hapana aliyewalaumu kwa kutokunywa na wenzao. Hata hivyo, kila waliponunua minazi, waliwahitaji wazee wale wale wawe mashahidi wao.

Je, msomaji, desturi hiyo ilikuwa njema? Ilimzuia tajiri asijitenge na jirani zake. Lakini mzee alipofariki, ushahidi wake ulizikwa naye, na watoto wakabaki wakigombania mti. Kwenu nako, waulize wazee mapema ni nani aliyepanda miti ile, ukayaandike majibu yao.