Madirisha watoto: Kwa nini kitufe kinagoma kubadilika rangi kwenye programu ya kompyuta?

Ukifungua programu ya kompyuta, tuseme ya hesabu za duka, jicho linaona dirisha moja tu. Kumbe ndani yake kuna mengine kibao: kitufe cha kuhifadhi, kisanduku cha kuandikia bei, orodha ya bidhaa. Kwenye Windows, vingi kati ya vitu hivyo ni madirisha kamili, na watengeneza programu huyaita madirisha watoto.

Hapo ndipo wengi wanaojifunza hukwama. Mtu anabadilisha rangi ya dirisha kubwa, inakubali. Anageukia kitufe, kinagoma. Mara nyingi chanzo ni kimoja: hajajua nani hasa anakichora kitufe hicho.

Mzazi na mtoto wanaishije?

Dirisha mtoto hukaa ndani ya mipaka ya dirisha mzazi. Mzazi akisogezwa, mtoto anasogea. Mzazi akifichwa, mtoto haonekani. Mzazi akifungwa, mtoto naye anaondoka. Sehemu ya mtoto inayotokeza nje ya mzazi hukatwa.

Ila kwenye sura, kila mmoja ana lake. Kila dirisha hupokea ujumbe wake kutoka kwa mfumo, ukiwemo WM_PAINT, yaani ujumbe wa kuliambia dirisha lijichore. Kitufe kikipata ujumbe huo hujichora chenyewe kwa mtindo wa Windows. Rangi aliyopakwa mzazi hakina habari nayo.

Zipo njia tatu kuu za kubadilisha sura hiyo.

1. Kujibu swali la rangi

Kabla ya kujichora, kisanduku cha maandishi humtumia mzazi ujumbe wa WM_CTLCOLOREDIT, kama anayeuliza: "Nitumie rangi gani?" Lebo za maandishi hutuma WM_CTLCOLORSTATIC. Mzazi hujibu kwa kupanga rangi ya herufi, kisha anarudisha brashi ya kupaka usuli.

Njia hii ni nyepesi, lakini ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza: kisanduku kilichozimwa, au kilichowekwa kiwe cha kusoma tu, hutuma ujumbe ule wa lebo. Asiyejua hilo anashangaa rangi yake "imepotea" pale kisanduku kinapozimwa.

Mtego wa pili ni brashi yenyewe. Mfumo hauifuti kwa niaba ya mtengeneza programu. Akiunda brashi mpya kila anapoulizwa bila kufuta za zamani, zinarundikana. Kwa kawaida Windows huipa kila programu nafasi ya vitu 10,000 vya uchoraji vya aina hiyo. Nafasi ikijaa, programu iliyoamka vizuri asubuhi inaanza kuharibika mchana: sehemu nyingine hazichorwi, nyingine zinabaki tupu. Karani aliye kaunta anaiwasha upya, tatizo linaondoka, kesho linarudi.

Dawa yake ni rahisi: brashi moja iundwe mwanzoni, itumike tena na tena, ifutwe programu inapofungwa.

2. Kuchora mwenyewe

Vitufe vya kawaida vya kubonyeza havijali brashi inayorudishwa na mzazi. Anayetaka kitufe cha kijani chenye pembe za mviringo hukiunda kwa mtindo wa BS_OWNERDRAW. Kuanzia hapo, mzazi hupokea ujumbe wa WM_DRAWITEM kila kitufe kinapotakiwa kuchorwa, na kazi yote ya kuchora inakuwa yake.

Uhuru huu una mzigo wake. Lazima achore kitufe kikiwa kimetulia, kikiwa kimebonyezwa na kikiwa kimezimwa. Lazima pia achore alama inayoonyesha kitufe kipi kimefikiwa na anayetembea kwa kibodi. Hii ya mwisho ndiyo husahaulika sana. Matokeo yake, mtu asiyeweza kutumia mausi anabonyeza Tab bila kujua yuko wapi.

3. Kuingilia ujumbe

Njia ya tatu ni kukaa katikati ya mfumo na dirisha mtoto. Kwa kutumia SetWindowSubclass, mtengeneza programu huuona ujumbe kabla haujafika kwenye dirisha husika. Anabadilisha kile anachokitaka tu, tuseme mpaka wa kisanduku, kisha mwingine wote anaupitisha kwa DefSubclassProc.

Akisahau kupitisha, kisanduku kinaweza kuonekana kizuri lakini kisipokee hata herufi moja.

Kwa nini programu nyingine zinaonekana za kizamani?

Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilileta sura mpya ya vitufe na visanduku. Lakini haikuzilazimisha programu za zamani kuivaa. Programu inayotaka sura hiyo hueleza kwenye faili yake ya maelezo, inayoitwa manifesti, kwamba inahitaji toleo la 6 la maktaba ya comctl32. Bila maelezo hayo, hata kwenye Windows 11 vitufe hutoka na ile sura ya kijivu ya zamani.

Vipi kwenye Qt na Tkinter?

Qt imekuwa na karatasi za mitindo, zinazofanana na CSS ya kurasa za wavuti, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2006. Hapa mambo yanageuka: mtindo aliowekewa mzazi bila kutaja anayelengwa huwashukia watoto wote. Ukiandika tu usuli uwe mwekundu, vitufe na lebo zote za ndani nazo zinakuwa nyekundu. Ndiyo maana inashauriwa kutaja aina, kama QPushButton, au jina la kitu kimoja.

Kwa wanaotumia Python na Tkinter, fumbo maarufu ni kitufe cha ttk. Hakikubali chaguo la bg, na kwenye Windows hata ukibadilisha rangi ya usuli kupitia ttk.Style, mandhari ya kawaida huipuuza kwa sababu kitufe kinachorwa na mfumo wenyewe. Ukihamia mandhari ya clam, inayochorwa na Tk, rangi inakubali.

Mtihani wa kweli: mandhari meusi na wenye uoni hafifu

Dirisha linalopendeza kwa aliyelitengeneza linaweza kumfungia mwingine mlango. Windows ina mandhari ya utofautishaji wa juu kwa watu wenye uoni hafifu. Mtu akiyawasha, rangi za mfumo hubadilika. Programu iliyopanga usuli mweupe kwa nguvu lakini ikaacha herufi zifuate mfumo inaweza kutoa herufi nyeupe juu ya nyeupe. Kwa mtumiaji huyo, kisanduku cha bei ni kama hakipo.

Mandhari meusi yana shida kama hiyo. Kwa programu za mtindo wa zamani wa Windows, Microsoft imetoa njia rasmi ya kutia weusi upau wa juu wa dirisha. Vitufe na visanduku vya ndani havifuati vyenyewe, hivyo dirisha jeusi linaweza kubaki na mabaka meupe yanayochoma macho.

Kanuni inayosaidia ni hii: rangi ya herufi na ya usuli zibadilishwe pamoja, au ziachwe pamoja. Utofautishaji wa juu ukiwa umewashwa, programu iweke kando rangi zake na kuchukua za mfumo kupitia GetSysColor. Kwa rangi za kujichagulia, mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka utofauti usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa.

Kabla ya kuitoa programu

- Izime na kuiwasha kila sehemu uone rangi zinabaki.
- Zunguka programu nzima kwa kibodi bila kugusa mausi.
- Washa utofautishaji wa juu, kisha usome kila neno.
- Iache ikifanya kazi siku nzima, ukifuatilia idadi ya vitu vya GDI kwenye Task Manager. Ikizidi kupanda bila kushuka, kuna brashi inavuja.