Mafuriko ya kimbunga (tathmini ya hatari)
Ni kupanda kwa bahari upepo mkali unaposukuma maji nchi kavu wakati mgandamizo wa hewa umeshuka. Kimbunga cha Aprili 1872 kilizamisha vyombo Unguja na kung'oa mikarafuu. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilitua Msumbiji, kusini mwa Mtwara. Mwaka 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Mpimaji wa hatari huanza na kimo cha nyumba juu ya alama ya bamvua, kwani kimbunga kikiangukia bamvua maji huingia ndani zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Mikoko iliyokatwa lazima ihesabiwe kama hatari; ndiyo iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi.